Khitma Chini ya Ukuta wa Rummani

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba hapo zamani palikuwa na mji mdogo juu ya kilima, jina lake Rummani, na ndani yake aliishi mwanamke mchamungu akiitwa Bibi Lubaba. Alikuwa mjane asiyejaliwa mtoto. Aliwafundisha Kurani watoto wa watu barazani kwake, wala hakutaka ujira, ila kila mwanafunzi afike na maji ya kutia katika mtungi wake mkubwa uliokaa mlangoni. Mtungi huo tuuweke akilini, maana tutauhitaji mbele ya safari.

Miongoni mwa wanafunzi hao walikuwapo wawili waliokuwa chanda na pete. Mmoja aliitwa Rabii, mtoto wa watu wa bondeni aliyeletwa kilimani kusoma, na wa pili Ayashi, mtoto wa mwashi aliyejenga kuta za mji. Bibi Lubaba alikuwa na njia yake ya kufundisha ambayo mimi sijaisikia kwa mwalimu mwingine. Rabii alimwanzisha mwanzo wa msahafu ashuke, na Ayashi akamwanzisha mwisho wa msahafu apande, akawaambia, "Mkikutana katikati nitawabadilisha." Wakakutana katikati. Lakini kabla hajawabadilisha, Bibi alishikwa na maradhi, akarejea kwa Mola wake tarehe kumi ya mwezi wa Rajabu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alizikwa kama alivyousia, nje ya mji, kwenye mteremko chini ya ukuta.

Vijana wale wakawekeana ahadi juu ya kaburi lake, mbele ya Mwenyezi Mungu. Kila mwaka, tarehe hiyo, popote walipo, watafika pale alfajiri bila silaha, na hakuna atakayepata dhara mahali pale kwa sababu ya mwenzake. Rabii atakaa upande wa kichwani na Ayashi upande wa miguuni, kila mmoja atasoma nusu yake, na kabla ya jua kutua khitma ya Bibi itakuwa imetimia. Watu waliwauliza mara nyingi kwa nini kila mmoja asihifadhi nusu iliyobaki, akawa hafidhi kamili, akaondokana na safari. Rabii alikuwa akijibu kwamba jambo hilo analifikiria. Alilifikiria mpaka ndevu zake zikaingia mvi.

Maisha yakawatenganisha kama yanavyofanya. Rabii alirudi bondeni, akaoa, akafuga ngamia. Ayashi alirithi kazi ya baba yake, akawa msimamizi wa kuta za Rummani. Hata hivyo hakuna Rajabu iliyowapita. Mwaka mmoja Rabii alifika na mguu uliovimba, amepanda punda wa kuazima aliyegoma kupanda mlima, na inasemekana yule punda ndiye aliyebebwa sehemu iliyobaki.

Kisha ikaja fitina. Wali aliyetawala bondeni alimtuma mjumbe wake kwenda Rummani, mtu akiitwa Masudi, na Masudi akafia huko huko. Watu wa Rummani wakasema amekufa kwa homa, wamemwosha, wamemsalia na kumzika. Bondeni zikavuma habari kwamba ametiliwa sumu. Rummani wakatuma watu kutoa ushahidi, wali akaukataa, akasema mtuhumiwa hawezi kuwa shahidi wake mwenyewe. Basi likatoka jeshi kwenda kuuzingira mji, na Rabii akaitwa pamoja na walioitwa. Alikwenda kwa sababu alikuwa katika kiapo cha wali kama wanaume wote wa kijiji chake. Alikwenda pia kwa sababu hakuwa na hakika. Mjumbe amekufa, na yeye hakuwapo.

Jeshi lile liliongozwa na Amiri Munzir, mtu wa swala na wa maswali. Alikuwa mdadisi hasa. Wapishi wake walimkwepa, maana hakula mchuzi mpaka ajue chumvi yake imetoka wapi. Naibu wake alikuwa Dhirari, ndugu wa tumbo moja wa yule marehemu Masudi, na mtu huyu hakuwa mwovu, alikuwa na msiba tu. Amiri alikuwa na desturi moja kambini. Walinzi wote walimpa mkono na kuapa kwamba hawatamficha jambo lolote wanalolijua kuhusu mji. Halafu kila siku baada ya Alasiri alipita kwenye handaki, akasimama mbele ya kila mlinzi, akamwuliza kwa sauti, "Una neno?" Naye mlinzi humjibu, "Sina neno," na amiri hupita kwa mwingine.

Rabii alikuwa mlinzi wa upande wa mteremko, karibu na kaburi. Kila siku alijibu kwamba hana neno, na kwa kweli hakuwa nalo. Mara nyingine alimwona Ayashi kwa mbali juu ya ukuta, akiwaelekeza watu pa kuweka mawe, akamtambua kwa jinsi alivyoshika kiuno. Hakumpungia mkono, wala hakupungiwa.

Ikafika jioni ya kutazama mwezi mwandamo wa Rajabu. Kambi ilikuwa bondeni, magharibi kuna mlima, na siku hiyo palikuwa na vumbi. Askari wakakodoa macho wasione kitu, basi amiri akaamuru wakamilishe thelathini. Lakini kitambo kidogo baada ya jua kutua, kule juu mjini watu walisikika wakipiga takbiri kwa nguvu. Kambi nzima ikaruka. Wakavaa deraya, wakashika mikuki, wakakaa hivyo hivyo wakingoja kushambuliwa, na asubuhi wakaamka na macho mekundu, hakuna aliyekuja. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza ni furaha gani inayoweza kuwapigisha takbiri watu waliozingirwa wenye njaa.

Sasa Rajabu imeingia, na Rabii akaanza kukonda. Alipokuwa akiapa, Rajabu ilikuwa mbali na kila mtu alisema vita vitakwisha kabla yake. Sasa alijua jambo ambalo hakuna mwingine kambini alilijua. Ayashi atakuja. Hakuwa na shaka, kwa sababu alijipima mwenyewe, akaona kwamba lau yeye angekuwa ndani ya ukuta, angekuja. Akimwambia amiri, ameligeuza kaburi la Bibi kuwa mtego na rafiki yake kuwa windo. Akinyamaza, ataulizwa "Una neno?" naye atasema sina, na hapo atakuwa amemwongopea amiri aliyempa mkono, huku wenzake wakiendelea kufa kwa mishale na kwa homa ya kambini. Mtu aliyempenda alikuwa upande mmoja na neno lake mbele ya Mwenyezi Mungu lilikuwa pande zote mbili. Alisali, akaomba augue. Hakuugua.

Hata siku ya tarehe nane, baada ya Alasiri, amiri akasimama mbele yake.

"Una neno?"

"Nina neno," akajibu Rabii.

Walinzi waliokuwa karibu wakageuka. Amiri akamchukua mpaka hemani, na Dhirari akaingia nyuma yao.

"Ewe amiri," akasema Rabii, "keshokutwa ni tarehe kumi. Siku hiyo msimamizi wa kuta za Rummani atatoka mjini na kuja kwenye kaburi lililoko mteremkoni. Atakuja peke yake, bila silaha. Nilikuapia sitakuficha jambo, na jambo ni hilo."

"Umelijuaje?"

"Anakuja kukutana na mimi."

Dhirari akasema, "Malango yote ya mji yamezibwa kwa mawe. Mtu akitoka, ametokea mahali tusipopajua. Tumkamate atuonyeshe, na vita vimekwisha."

"Neno langu lina nusu ya pili," akasema Rabii. "Kabla sijakuapia wewe, amiri, nilimwahidi yeye kwamba pale kaburini hatapata dhara kwa sababu yangu. Nakuomba ruhusa nimwambie kwamba nimekuambia."

"Ukimwambia hatakuja," akasema amiri.

"Asipokuja, hutakuwa umepoteza kitu ulichokuwa nacho jana."

"Na nikikunyima ruhusa?"

"Basi nifunge tangu sasa, na kinywa nacho ukifunge, kwa kuwa nikiachwa nitasimama handakini nimpigie kelele. Nakuambia mapema usije ukasema nimekuhadaa."

Dhirari akaweka mkono kwenye upanga wake. Amiri Munzir hakukasirika. Alivuta mkeka, akakaa, akaanza kuuliza. Aliuliza huyo Bibi alikuwa nani, kwa nini mmoja alianzia mwisho, nani husoma kwa kasi zaidi, na je, ni kweli kwamba miaka yote hiyo Rabii hakuhifadhi nusu ya pili. Rabii akajibu yote. Mwishowe amiri akasema:

"Nimeona watu wakimsaliti rafiki kwa ajili ya amiri, na nimeona wakimsaliti amiri kwa ajili ya rafiki. Mtu anayetaka kuwaambia kweli wote wawili sijamwona. Nataka nijue mwisho wake. Kesho asubuhi utamwonya. Akionywa, kisha akaja hiyo tarehe kumi, ana amani yangu tangu alfajiri mpaka jua litue."

Na amani, kwa watu wa dini, si salamu ya mdomoni. Ni ahadi ya usalama, na ikishatolewa kwa adui humfunga kila mtu jeshini, mkubwa na mdogo. Dhirari alitoka hemani bila kuaga.

Asubuhi yake, baada ya swala, Rabii alichukua kitambaa cheupe, akaelekea mteremkoni akifikiri atasimama wapi ili sauti ifike ukutani. Alikuwa hajafika alipoisikia sauti nyingine. Mtu alikuwa akisoma Kurani, taratibu, kwa ile namna ya kuvuta herufi aliyoifundisha Bibi Lubaba na ambayo duniani walikuwa wamebaki watu wawili tu wanaoijua. Ayashi alikuwa amekwisha kaa upande wa miguuni mwa kaburi, amevaa kanzu nyeupe, mgongo umeegemea jiwe. Alikuwa amekuja kabla ya siku yake.

Dhirari naye alifika, na wapiga mishale wake nyuma. "Leo ni tarehe tisa," akasema. "Amani ya amiri ni ya kesho, na ni ya mtu aliyeonywa. Huyu siku yake haijafika, wala hajaonywa." Na kila neno alilolisema lilikuwa sahihi.

Amiri akaja mbio, kilemba hakijakaa sawa. Rabii akamwambia, "Ewe amiri, ulinipa ruhusa nimwonye asubuhi hii. Asubuhi yenyewe ndiyo hii. Ukimkamata kabla sijafika, umemkamata kwa kinywa changu."

Amiri alimtazama yule msomaji kwa muda, kama mtu anayetamani kumwuliza swali. "Nenda," akasema. "Habari ya tarehe tutaizungumza baadaye. Hakuna atakayenyanyua upinde mpaka nimwambie."

Rabii akaweka chini upanga na podo, akapanda mpaka kaburini. Ayashi alimaliza aya aliyokuwa nayo, akaitikia salamu.

"Umechelewa," akasema.

"Ayashi, nimesema. Wanajua wewe ni nani. Wako nyuma yangu. Kimbia kama unaweza."

Ayashi hakugeuza hata shingo. "Nilijua utasema. Kila siku upepo unatuletea sauti ya amiri wenu akiwauliza kama mna neno. Nikawaambia jamaa, Rabii yumo mle, na huyo akiulizwa hawezi kunyamaza."

"Sasa kama ulijua hivyo, umekuja kufanya nini, ndugu yangu?"

"Khitma."

"Na mji wako je? Wakikutesa uwaonyeshe njia?"

"Njia haipo tena. Nimetokea kwenye mfereji wa maji ya mvua, nikasimama nje mpaka walioko ndani wakauziba kwa mawe na chokaa, nikaukagua mwenyewe. Kazi nzuri. Na walinzi wa lango nimewaapisha wasilifungue hata nikiwaita kwa sauti yangu, kwa kuwa mtu akitiwa uchungu hajui atasema nini. Wakinikamata watakuwa wamekamata mzee mmoja, basi."

Rabii akakaa chini pasipo kutaka. "Basi huna pa kurudi."

"Sina."

"Na hukujua kama mimi nitakuja."

"Hilo ndilo lililoninyima usingizi," akasema Ayashi, akacheka kidogo. "Mji nimekwisha uwekea ulinzi, wosia nimeuacha, moyo ukabaki kuniuliza tu, je, atakuja? Nilitaka sana kujua. Haya, kichwani ni kwako. Umeniachia juzuu nzima nimesoma peke yangu."

Rabii akalia, akaona haya kulia mbele ya jeshi, akaendelea kulia. Kisha akafuta uso, akahamia upande wa kichwani, akaanza mwanzo wa msahafu.

Wakasoma asubuhi yote. Amiri alisogea akakaa juu ya jiwe, baadaye akasogea jiwe la karibu zaidi. Askari walikuja mmoja mmoja wakachuchumaa nyuma yake. Juu ya ukuta vichwa vilianza kuchungulia, vikaongezeka, na siku hiyo hakuna mshale uliorushwa kutoka juu wala kutoka chini, ingawa hakuna aliyeamuru hivyo. Ayashi alimaliza kwanza, akamngoja mwenzake. Baada ya Alasiri Rabii naye akamaliza, wakainua mikono wakamwombea Bibi Lubaba, na sauti ya "Amina" iliyoitikiwa ilitoka bondeni na ukutani kwa pamoja.

Hapo Dhirari akasimama. "Ameonywa, nakubali, na khitma yake ameimaliza. Lakini leo ni tarehe tisa, na amani haijaanza. Ewe amiri, mkabidhi kwangu."

"Leo ni tarehe kumi," akasema Ayashi, kwa mshangao wa kweli.

"Ni tisa," wakasema askari.

"Ni kumi. Mwezi tuliuona juu ya ukuta, mwembamba, karibu na kilele cha mlima. Mimi niliuona kwa macho yangu, tukapiga takbiri. Ninyi hamkutusikia?"

Watu waliokesha na deraya vifuani wakaanza kutazama chini, na mmoja akasema polepole, "Basi zile takbiri zilikuwa za mwezi." Amiri Munzir alijishika paji la uso. Mtu aliyeuliza chumvi inatoka wapi hakuwa ameuliza hilo.

"Ni maneno yake tu," akasema Dhirari, na sauti yake ilikuwa imepasuka. "Ushahidi wa watu wa Rummani umekwisha kataliwa na wali. Ukimkubalia huyu kuhusu mwezi, utawakataliaje kuhusu ndugu yangu?"

Na hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe, kila mtu akaliona. Amiri akafikiri, kisha akasema, "Kadhi akiletewa shahidi asiyemjua, humwuliza anayemjua. Rabii, njoo. Nakuuliza kwa kiapo chako. Katika miaka yote uliyomjua, umewahi kumsikia Ayashi akisema uongo?"

Rabii alikuwa na neno moja tu la kusema. Angesema "La," na lingekuwa karibu na kweli kiasi kwamba hakuna mtu duniani angemlaumu. Maisha ya rafiki yake yalining'inia kwenye neno hilo, na jua lilikuwa limeshuka. Alimtazama Ayashi. Ayashi alikuwa anatazama kaburi.

"Ndiyo," akasema Rabii. "Mara moja."

Askari wakanong'onezana. Amiri akasogea mbele. "Uongo gani?"

"Tulikuwa watoto. Nilikuwa nakimbia, nikauangusha mtungi wa Bibi Lubaba, ukavunjika. Bibi alipotoka kuuliza, Ayashi akasema, 'Ni mimi niliyeuvunja.' Lakini kanzu yangu ilikuwa imeloa maji, na yake kavu. Bibi hakunipiga mimi wala hakumpiga yeye. Alimkalisha Ayashi akamwambia, 'Mtungi nitapata mwingine, mwanangu. Lakini iko siku mwenzako huyu atahitaji shahidi wa kuaminiwa, na wewe utakuwa umekwisha kujiharibu kwa ajili ya mtungi.' Ayashi alilia siku hiyo. Tangu hapo sijamsikia akisema uongo, si kwa ajili yangu wala kwa ajili yake."

"Mmesikia," akasema Dhirari. "Husema uongo kumkinga rafiki."

"Nimesikia," akasema amiri. "Nimesikia pia mtu ambaye shingo ya rafiki yake iko mkononi mwake, na hakuweza kumfichia hata uongo wa utotoni. Mtu huyo akiniambia ulikuwa mmoja tu, naamini ulikuwa mmoja tu." Akainuka. "Ushahidi wa Ayashi nimeupokea. Leo ni tarehe kumi ya Rajabu. Jeshi zima limekosea siku, na mimi ndiye niliyelikosesha."

Kisha akasimama mbele ya Ayashi, kama alivyosimama mbele ya walinzi wake kila siku. "Una neno?"

"Nina neno," akasema Ayashi. "Masudi alikufa kwa homa. Mimi nilikaa naye, na nilipokwisha kumwosha nilimteremsha kaburini kwa mikono hii." Akamgeukia Dhirari. "Usiku wake wa mwisho alikuwa akiweweseka. Alimwomba mtu amshikie mbuzi mweusi asije akaingia tena shambani kwa bibi yao. Alimwita mtu huyo Dura. Nimeuliza mji mzima, hakuna anayemjua Dura ni nani."

Kambini hapakuwa na mtu wa jina hilo. Lakini Dhirari alikaa chini pale pale aliposimama, akafunika uso kwa ncha ya kilemba, na watu wakampa nafasi. Baadaye alisema, kwa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia kwake, kwamba yule mbuzi alikuwa na pembe moja.

Amiri akamwambia Ayashi arudi nyumbani kwa usalama. Wakamsindikiza mpaka lango kuu, Rabii kando yake, na Ayashi akabisha.

"Nani?" ikatoka sauti ndani.

"Mimi Ayashi. Fungueni."

"Hatufungui. Umetuapisha mwenyewe."

"Niliwaapisha kwa hofu ya kukamatwa. Niko huru."

"Ulisema tusifungue hata ukituambia uko huru."

Ayashi akakuna ndevu. "Nilisema mpaka lini?"

"Mpaka jeshi livuke mto wa bondeni kurudi kwao."

Amiri Munzir akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu vita vianze. "Walinzi wa namna hii siwezi kuwashinda," akasema, "nami sina tena sababu ya kujaribu." Akaamuru mahema yang'olewe. Jeshi likavuka mto, na amiri akapeleka ushahidi kwa wali akiwa yeye mwenyewe na Dhirari ndio mashahidi wake. Rabii na Ayashi walikaa nje ya lango wakigawana kipande cha mkate mpaka ngamia wa mwisho alipofika ng'ambo. Hapo ndipo mawe yakaanza kuondolewa kwa ndani, moja baada ya jingine, na Ayashi akawa anawafokea walioondoa vibaya.

Wali alifanya nini? Walionisimulia hawakukubaliana. Wapo wasemao aliupokea ushahidi, na wapo wasemao alimvua Munzir uamiri wake. Walilokubaliana ni kwamba vita havikurudi, na kwamba Rajabu iliyofuata watu wa bondeni walituma wajumbe kilimani mapema kuuliza mwezi umeonekana lini. Siku ya khitma alikuja mtu wa tatu. Dhirari alileta mtungi wa maji, akanyunyizia kwanza kaburi la ndugu yake, kisha yaliyobaki akanyunyizia la Bibi Lubaba.

Basi, ndugu zangu, sisi mambo yakitubana hujiuliza nani tumfiche na nani tumwambie, tukaita hivyo uaminifu. Rabii hakumficha amiri wake, hakumficha rafiki yake, na ilipofika zamu ya kumsifu rafiki hakuficha hata mtungi. Aliacha mwisho kwa Mwenye mwisho. Mwenyezi Mungu awarehemu wote, na siku tutakaposimamishwa mbele Yake na kuulizwa tulilokuwa tukilijua, atujaalie nasi tuweze kusema lote bila kuogopa.